Nasaba ya Kifalme Darasani: Watawala wa Kilwa na Wafalme wa Valois

Utangulizi

Mwanachuo aendaye kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za Kibaha na Kisarawe hana budi kukutana na mada ya dola za kale za mwambao wetu. Aghalabu tumeona mada hiyo ikifundishwa kwa njia moja tu. Mwalimu huandika ubaoni majina ya masultani wa Kilwa, kila jina na miaka yake, wanafunzi hunakili, kengele hulia. Baada ya wiki moja majina yamekwisha kusahaulika, na kilichobaki vichwani ni fikra kwamba historia ni habari ya watu wenye majina marefu walioishi mbali sana na Kisarawe.

Kosa si la wanafunzi. Orodha ya majina si historia, kama vile hesabu ya matofali si nyumba. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba nasaba ya kifalme ni jibu lililotolewa kwa maswali mawili: nani ana haki ya kurithi, na nani amekubali kuwa haki hiyo ni ya kweli? Maswali hayo mtoto wa Kisarawe ameyasikia nyumbani kwao, penye matanga na penye mgawanyo wa mashamba. Mwalimu akianzia hapo, Kilwa haitakuwa mbali. Hata Ufaransa haitakuwa mbali.

Maana ya nasaba ya kifalme

Tunapotaja nasaba ya kifalme tunakusudia ukoo mmoja unaoshika utawala kwa kurithishana, kizazi baada ya kizazi. Kila nasaba ina mambo matatu ambayo mwalimu apaswa kuyatafuta kabla ya kuandika andalio la somo. La kwanza ni mwanzo wake: ukoo huu uliingiaje madarakani, na ulimrithi nani? La pili ni kanuni yake ya kurithi: utawala humwendea mwana, ndugu, au mpwa? Je, mwanamke aweza kuupokea, au japo kuupitisha kwa mwanawe? La tatu ni ushahidi wake: sisi tunaoishi leo tunajuaje habari hizo, na aliyetuhadithia alikuwa upande wa nani?

Mwalimu anayeyajua majina 20 bila kuyajua mambo haya matatu hajawa tayari kuingia darasani. Anayeyajua mambo haya matatu kwa watawala wawili tu yuko tayari.

Kuanzia nyumbani

Wazaramo na Wakwere, kwa desturi yao ya asili, huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti kubwa katika mambo ya ukoo huo. Hapo hapo, mtoto huyo huyo huandikwa shuleni kwa jina la baba yake, na akiwa Mwislamu hurithi mali kwa sheria inayomtambua baba na mama kila mmoja kwa fungu lake. Basi mtoto wa darasa la tano pale Kisarawe anaishi ndani ya kanuni mbili au tatu za kurithi kwa wakati mmoja, wala hajaambiwa na mtu kwamba jambo hilo ni elimu.

Kibaha ina utajiri wa namna nyingine. Mji huo umekua kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, na watu wa mikoa mingi wamehamia huko. Katika dawati moja huweza kukaa mtoto ambaye kwao ukoo ni wa mama, na mwenzake ambaye kwao ukoo ni wa baba na mwana wa kiume ndiye mrithi wa kihamba. Mwalimu mwenye busara hatamwambia mmoja wao kuwa desturi ya kwao ni ya ajabu. Atawaacha waulizane, kisha atawauliza wote: je, kanuni hizi zimeshuka na mvua, au zimewekwa na watu?

Twaweza pia kuwakumbusha wanafunzi kwamba Wazaramo wa zamani hawakuwa na mfalme mmoja. Viongozi wao, ambao wengi waliitwa kwa cheo cha pazi, waliongoza vijiji vyao kila mmoja mahali pake. Kuwa na mfalme si alama ya kuendelea, wala kutokuwa naye si alama ya kubaki nyuma. Hizo ni namna mbili za kupanga mambo ya watu.

Hata hivyo, lipo jambo moja la hadhari. Mwaka mmoja tulikuwa tumeketi nyuma ya darasa tukimtazama mwanachuo akifundisha. Aliwaagiza wanafunzi wachore mti wa ukoo, baba juu, babu juu yake, na babu mzaa babu juu zaidi. Msichana mmoja hakuandika kitu. Mwanachuo akamsimamisha mbele ya wenzake na kumwuliza sababu. Msichana akasema anamjua bibi yake tu. Kisha akainamisha uso, na hakusema neno tena siku ile. Mwanachuo hakuwa na nia mbaya. Lakini alikuwa amekwisha kuamua, bila kufikiri, kwamba ukoo ni wa baba na kwamba kila mtoto anaye baba wa kumwandika. Sisi tuliokaa nyuma nasi tulikuwa na kosa, kwa kuwa andalio lile tulilipitisha wenyewe. Tangu hapo tumewashauri wanachuo kusema hivi: kila mmoja aanze na mtu aliyemlea, kisha apande hadi pale anapopajua. Mti wenye jina moja la bibi ni mti kamili.

Kilwa: mashahidi wanne

Kisiwa cha Kilwa Kisiwani kipo kusini mwa mwambao wetu, katika Mkoa wa Lindi. Wachimbuaji wa mambo ya kale wameonyesha kwamba watu walikaa hapo tangu karibu karne ya 9, katika nyumba za miti na udongo, wakivua samaki na kufua chuma, kabla ya msikiti wa mawe kujengwa. Kutokana na biashara ya dhahabu ya Sofala na pembe za ndovu, mji ulikua mpaka ukawa mmojawapo wa miji mikubwa ya pwani ya Afrika ya Mashariki.

Nasaba mbili zinatajwa. Ya kwanza huitwa ya Washirazi, na mwanzilishi wake hutajwa kuwa Ali bin al-Hasan. Ya pili ni ya ukoo wa Mahdali, wenye asili ya Yemen, ulioanza kutawala mwishoni mwa karne ya 13 kwa al-Hasan bin Talut. Mtawala maarufu kupita wote wa ukoo huo ni al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa kwa lakabu Abu al-Mawahib, yaani mwenye vipawa vingi vya kuwapa watu.

Habari hizi tunazipata kwa mashahidi wanne, na mwalimu asiwachanganye.

Shahidi wa kwanza ni tarihi iliyoandikwa. Ipo tarihi ya Kilwa kwa Kiarabu, iliyotungwa katika karne ya 16 na mtu asiyetajwa jina, na ipo habari inayofanana nayo katika kitabu cha Mreno João de Barros kilichotolewa mwaka 1552. Tarihi yasema kwamba Ali alikuja kutoka Shirazi pamoja na baba yake na ndugu zake kwa majahazi saba, na kwamba kisiwa kilinunuliwa kwa nguo za kutosha kukizunguka. Iko pia simulizi ya Kiswahili iliyoandikwa baadaye, ambamo mwenyeji wa kisiwa huitwa Mrimba. Katika simulizi hiyo mgeni anamwoa binti wa Mrimba, na mtoto anayezaliwa anairithi nchi kwa babu yake mzaa mama. Mwanafunzi wa Kizaramo ataitambua kanuni hiyo mara moja.

Shahidi wa pili ni msafiri. Ibn Battuta wa Moroko alifika Kilwa mwaka 1331, akamkuta al-Hasan bin Sulaiman akitawala. Miaka mingi baadaye, akiwa kwao, alimwandikisha katibu habari za safari zake. Aliusifu mji kwa uzuri wake, na akahadithia kisa kimoja. Fukara wa Yemen alimwendea Sultani akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akavaa nyingine, akampa zile. Watu walipomsifu, mwana mrithi akazitwaa tena nguo zile, akamlipa fukara watumwa 10. Na Sultani aliposikia akaongeza watumwa 10 wengine na mizigo miwili ya pembe. Alipokufa, ndugu yake Daud akashika utawala, naye, asema Ibn Battuta, alikuwa kinyume chake: mwombaji akija huambiwa kwamba mtoaji amekufa na hakuacha kitu.

Linganisha sasa na tarihi. Humo tunaambiwa kuwa Daud alimshikia ndugu yake utawala alipokuwa safarini Arabuni na kuhiji, na ndugu aliporejea akamwachia kwa hiari. Daud mmoja, sura mbili. Je, mtu aweza kuwa mwaminifu kwa kiti cha enzi na bahili kwa mali? Au kila mhadithiaji aliona upande wake? Hapa hasa ndipo historia inapoanza, na hakuna orodha ya majina itakayomfikisha mtoto hapa.

Shahidi wa tatu ni mawe na sarafu. Jumba la Husuni Kubwa, lililojengwa juu ya gema la bahari, lina vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane. Humo limepatikana jiwe lenye maandishi ya jina la al-Hasan bin Sulaiman. Yaelekea jumba hilo halikumalizika. Msikiti Mkuu ulipanuliwa katika zama zake, ukaanguka sehemu, na ukajengwa upya katika karne ya 15. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Sarafu ndogo za shaba zina jina la mtawala upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, na pande hizo mbili zina vina. Sarafu hazina mwaka. Ndiyo sababu wataalamu wamebishana sana juu ya tarehe. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman imechimbuliwa Great Zimbabwe, na sarafu tano za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika kisiwa kilicho kaskazini mwa Australia.

Shahidi wa nne ni wa siku hizi. Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa mifupa ya watu wa kale wa miji kadhaa ya pwani, Kilwa ikiwamo. Ulionyesha kwamba wengi wa watu hao walikuwa na mababu wa kiume kutoka Asia, hasa Uajemi, na mababu wa kike wa Afrika, na kwamba kuchanganyika huko kulianza yapata mwaka 1000. Hivyo tarihi inayomtukuza baba mgeni haikutunga yote. Lakini simulizi inayomkumbuka binti wa mwenyeji ilihifadhi jambo ambalo orodha ya masultani ililiacha nje. Kiswahili chenyewe, lugha ya Kibantu, ni ushahidi wa lugha ambayo watoto wale walilelewa nayo.

Mwisho wa Kilwa nao ni habari ya haki ya kurithi. Katika karne ya 15 nguvu ziliwatoka masultani zikawaendea maamiri na mawaziri, waliowaweka na kuwaondoa watawala wapendavyo. Vasco da Gama alipokuja mwaka 1502 kudai kodi, alimkuta Amiri Ibrahim akitawala ingawa hakuwa mrithi halali. Julai 1505 Wareno wa Francisco de Almeida waliuteka mji, wakamweka Muhammad bin Rukn al-Din, tajiri asiyekuwa wa ukoo wa kifalme. Jambo la kuzingatia ni kwamba Muhammad mwenyewe aliomba arithiwe na mwana wa sultani wa zamani, al-Fudail, wala si na mwanawe. Alijua kwamba bunduki za mgeni humweka mtu kitini, lakini hazimpi nasaba. Aliuawa mwaka uliofuata. Wareno waliiacha ngome yao ya Kilwa mwaka 1512.

Ufaransa: nyumba ya Valois

Kwa nini tumtoe mwanafunzi Kilwa tumpeleke Ufaransa? Kwa sababu miaka ni ile ile, na swali ni lile lile. Ibn Battuta alipokuwa akila wali kwenye miji ya pwani yetu, nyumba ya Valois ilikuwa na miaka mitatu tu katika kiti cha enzi cha Ufaransa.

Mwaka 1328 Mfalme Charles wa Nne alifariki bila mwana wa kiume. Mjane wake alikuwa mjamzito. Wakuu wa nchi wakangoja. Kama angezaliwa mvulana, angekuwa mfalme siku ile ile; akazaliwa msichana. Waliobaki ni wawili. Mmoja alikuwa Philip wa Valois, mtu mzima, mtoto wa baba mdogo wa marehemu. Wa pili alikuwa Edward wa Tatu, mfalme wa Uingereza, kijana wa miaka 15, mwana wa Isabella aliyekuwa dada wa marehemu. Kwa lugha ya kwetu, Edward alikuwa mpwa.

Mwulize mwanafunzi wa Kisarawe nani mrithi. Huenda akasema, bila kusita, mpwa. Wakuu wa Ufaransa walisema la: mwanamke hawezi kurithi taji, wala hawezi kulipitisha kwa mwanawe. Wakamchagua Philip. Ikumbukwe kwamba hawakumtaka pia mfalme wa nchi nyingine awatawale. Sheria ya kale ya Wafaranki, ambayo baadaye ilitajwa kuwa msingi wa uamuzi huo, ilitafutwa na wanasheria baada ya jambo kwisha kuamuliwa. Kwanza watu waliamua, kisha wakatafuta kanuni ya kuuhalalisha uamuzi.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Mwaka 1337 vita vilianza baina ya Uingereza na Ufaransa, na kwa vipindi vikaendelea hadi mwaka 1453. Waliochomewa mashamba na vijiji hawakuwa wale waliobishania ukoo, walikuwa wakulima. Katika vita hivyo msichana wa kijijini, Jeanne d'Arc, alimwongoza Charles wa Saba hadi Reims akatawazwa mwaka 1429. Miaka miwili baadaye msichana huyo akachomwa moto.

Nyumba ya Valois ilitoa wafalme 13, kuanzia mwaka 1328 hadi 1589, yaani miaka 261. Lakini hata humo uzi haukunyooka. Mwaka 1498 Charles wa Nane aligonga kichwa kwenye kizingiti cha juu cha mlango katika ngome ya Amboise, akafa baada ya saa chache bila kuacha mwana. Taji likaenda kwa binamu wa tawi jingine, Louis wa Kumi na Mbili. Mwaka 1515 huyo naye hakuwa na mwana, likaruka tena hadi kwa Francis wa Kwanza. Francis alijenga jumba la Chambord, lililoanzwa mwaka 1519, kama vile al-Hasan alivyojenga Husuni Kubwa. Alimkaribisha Leonardo da Vinci. Na mwaka 1539 aliamuru kwamba shughuli za mahakama ziandikwe kwa Kifaransa badala ya Kilatini, jambo ambalo sisi tuliokuza Kiswahili twaweza kulielewa vizuri.

Mwisho wao una kinaya. Henri wa Pili alipokufa mwaka 1559, wanawe watatu walitawala mmoja baada ya mwingine, na aliyeishikilia nchi kwa sehemu kubwa ya wakati huo alikuwa mama yao, Catherine de' Medici. Nyumba iliyoingia madarakani kwa kusema kwamba haki haipiti kwa mama iliishia mikononi mwa mama. Nchi ilikuwa imegawanyika kwa dini. Agosti 1572 maelfu ya Waprotestanti waliuawa Paris na katika miji mingine. Mwaka 1589 Henri wa Tatu alichomwa kisu na mtawa, akafa bila mtoto. Taji likaenda kwa Henri wa Navarre, wa nyumba ya Bourbon.

Mpango wa vipindi vinne

Kipindi cha kwanza: ukoo wetu. Kila mwanafunzi apange mbegu za korosho juu ya dawati, mbegu moja kwa kila mtu wa ukoo wake anayemjua, akianza na aliyemlea. Kisha wanafunzi wawili wawili waelezane: kwenu nani hurithi shamba? Mwalimu aandike ubaoni kanuni zote zilizotajwa, bila kusifu moja na kudharau nyingine.

Kipindi cha pili: mashahidi wa Kilwa. Darasa ligawanywe makundi manne, kila kundi liwe shahidi mmoja: mwandishi wa tarihi, msafiri, sarafu na mifupa. Kila kundi lipewe maelezo mafupi yaliyoandikwa na mwalimu kwenye karatasi, lisome, kisha liulizwe na wengine. Swali kuu liwe: wewe shahidi, ulijuaje? Kundi la sarafu litagundua lenyewe kwamba haliwezi kujibu mwaka gani.

Kipindi cha tatu: baraza la mwaka 1328. Wanafunzi waigize. Upande mmoja wamtetee Philip, wa pili wamtetee Edward, na kundi la wazee lisikilize na kuamua. Mwalimu asitoe jibu la kweli hadi wazee wamekwisha kuamua. Wakimchagua Edward, wasiambiwe wamekosa. Waulizwe Wafaransa waliogopa nini.

Kipindi cha nne: hatua za miaka. Darasa litoke kiwanjani. Hatua moja iwe miaka 10. Vigingi vichomekwe: 1328 Valois, 1331 Ibn Battuta Kilwa, 1505 Wareno, 1589 mwisho wa Valois. Vigingi viwili vya kwanza vitakaribia kugusana. Kutoka hapo hadi leo ni hatua zipatazo 70, na ni vema wanafunzi wazitembee kwa miguu yao. Wakirudi, wafinyange sarafu kwa udongo. Walioko karibu na vilima vya Pugu, wilayani Kisarawe, wanao udongo mweupe mzuri. Wengine watumie wa bondeni. Upande mmoja waandike jina, upande wa pili maneno machache yanayolingana kwa kina na jina hilo.

Safari ya Kilwa ni ndefu na ina gharama. Shule isiyoweza yaweza kwenda Kaole, karibu na Bagamoyo, kuona magofu ya misikiti na makaburi ya mawe ya zama zinazokaribiana. Shule isiyoweza hata hiyo isikate tamaa: vigingi na korosho havina nauli.

Mambo ya kuangalia

Mwalimu asisimulie kisa cha ukarimu wa Sultani akapita haraka pale penye watumwa. Watu 20 walitolewa kama nguo zinavyotolewa. Ibn Battuta aeleza pia kwamba Sultani huyo alikuwa akiwashambulia watu wa bara na kuchukua ngawira. Wanafunzi wetu ni watoto wa pwani na wa bara. Wana haki ya kuuliza: waliotolewa walikuwa akina nani, na kwa nini majina yao hayamo katika tarihi wala kwenye sarafu? Mwalimu hatakuwa na majina ya kuwapa. Aliseme hilo wazi. Kimya cha maandishi nacho ni ushahidi.

Tena, asiseme kwamba Kilwa ilijengwa na wageni, wala asiseme kwamba hakuna mgeni aliyefika. Kauli zote mbili zimesemwa sana, kila moja na wakati wake, na zote zinapungukiwa. Mwisho, asifanye Ufaransa iwe kipimo na Kilwa iwe kinachopimwa. Zote mbili zipimwe kwa maswali yale yale.

Hitimisho

Tumesema kwamba nasaba ni jibu la watu kwa maswali ya haki ya kurithi. Kilwa ilijibu kwa namna yake, Ufaransa kwa namna yake, na koo za wanafunzi wetu kwa namna zao. Na katika kila jibu alikuwapo mtu aliyefaidika na mtu aliyeachwa nje. Mtoto atakayeyaelewa hayo aweza kuyasahau majina yote ya masultani na wafalme 13 wa Valois, na bado atakuwa amejifunza historia. Tena siku atakapoketi katika kikao cha ukoo, akaambiwa kwamba jambo fulani limekuwa hivyo tangu mwanzo wa dunia, atajua kuuliza: nani aliamua, lini, na nani hakuulizwa?

Msichana yule aliyemjua bibi yake tu alikuwa na mengi ya kulifunza darasa lile. Ilikuwa kazi yetu kumwandalia nafasi ya kuyasema.

Maswali kwa mwanachuo

1. Chagua ukoo mmoja wa watawala wa Tanzania unaoufahamu. Eleza mwanzo wake, kanuni yake ya kurithi, na ushahidi wake.
2. Habari mbili za Daud wa Kilwa zinatofautiana. Andika andalio la kipindi kimoja litakalowasaidia wanafunzi kuzilinganisha bila kuwalazimisha kuchagua moja.
3. Katika shule utakayofanyia mazoezi, utawezaje kufundisha habari za ukoo bila kumwumiza mtoto asiyewajua wazazi wake?